Moshi wa kuchoma makonde ya maweni msimu wa kaskazi: nyumba, mtoto mwenye pumu, na huko konde

UpepoWaKusi

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Naomba msaada wa wenye ujuzi. Nyumba iko Kusini Unguja, upande wa Muyuni: vyumba vitatu, paa la bati lisilo na dari, madirisha ya luva, na juu ya kila dirisha kuna matofali ya matundu. Kuanzia mwishoni mwa Januari mpaka masika yanapokaribia, makonde ya uwandani, yaani ya ardhi ya mawe ya matumbawe, yaliyo kaskazini-mashariki ya nyumba hutiwa moto. Mchana moshi unapita juu kwa juu. Ikishaingia Isha unashuka na kulala mitaani hadi alfajiri. Humu ndani yumo mtoto wa miaka sita mwenye pumu na bibi mwenye presha.

Nataka kujua namna ya kupata walau chumba kimoja chenye hewa safi bila kiyoyozi, na barakoa ipi inafaa. Vitambaa vilivyoloweshwa maji na kutundikwa dirishani vinasaidia au ni kujifariji tu? La mwisho, wakulima waombwe nini hasa? Sitaki kumzuia mtu kulima, hiyo ndiyo riziki yao. Ila kama ipo namna ya kuchoma yenye moshi mdogo, niijue kabla sijaenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu.

FundiWaUbaridi

Waalaykum salaam. Kitambaa cha maji kinanasa majivu na masizi yanayoonekana kwa macho, basi. Kinachoumiza kifua ni chembe zilizo chini ya maikromita 2.5, kiasi cha sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Hizo zinapita baina ya nyuzi pamoja na hewa, na kitambaa kikikauka hata majivu hakishiki tena.

Nyumba nzima huiwezi, chagua chumba kimoja. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo chukua cha kusini-magharibi, kidogo, chenye mlango mmoja na dirisha moja, kisichopakana na jiko. Kwenye nyumba ya bati bila dari, dirisha si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Tatizo ni upenu, yaani ule uwazi baina ya kichwa cha ukuta na bati, pamoja na kuta za ndani zinazoishia njiani. Vyumba vyote vinavuta hewa moja, ukiziba dirisha moshi unakuja kwa juu.

Kwa hivyo weka dari ya muda. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinataka nailoni nzito ya kukata kwa mita, kipande cha mita 4 kwa 4.5, ili kila upande ubaki kama nusu mita ya kushuka ukutani. Usipigilie misumari mitupu. Usiku upepo unaivuta na kuiachia, na pale penye msumari ndipo inapochanika. Laza ufito juu ya nailoni, upigilie ufito, ndipo mkazo unagawanyika. Matofali ya matundu yazibe vivyo hivyo kwa ndani. Luva hazifungi hata ukikaza vipi, zifunike kwa nailoni iliyoshikwa na ufito kwenye fremu ya mbao. Gundi ya tepu haishiki ukuta wa chokaa, inabandua chokaa na kudondoka nayo. Upande mmoja wa dirisha uache uweze kufunguka. Chini ya mlango kunja shuka kuukuu.

Chumba hicho kitakuwa na joto, hilo lazima ulijue mapema. Kifunge Magharibi, na ukifungue kama saa 3 asubuhi jua likishapanda. Usiku ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa nzito na haipandi, ndiyo maana moshi unalala kwenu. Jua likipiga hewa inachanganyika na moshi unaondoka. Mchana usio na harufu ya moshi, fungua kila kitu.

Halafu angalia moshi mnaouwasha wenyewe. Dawa ya mbu ya kuzungusha ndiyo mbaya kuliko zote: imepimwa, na koili moja inatoa chembe hizo ndogo sawa na sigara 75 hadi 137. Ukiiwasha ndani ya chumba ulichokiziba umejitengenezea tanuu. Tumia chandarua chenye dawa. Udi na ubani wekeni kando msimu huo, au fukizeni ukumbini mchana milango ikiwa wazi. Jiko la mkaa lisiingie humo hata likiwa limebaki makaa mekundu tu, kwa sababu hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu na inaua watu usingizini.

Baada ya hapo ndipo kichujio kina maana. Chukua boksi gumu la karatasi lenye pande za kiasi cha sentimita 45, na filta nne za kabini ya gari. Nasema za kabini, zile za hewa anayovuta abiria, si za injini. Maduka ya spea yanazo, za kiasi cha sentimita 20 kwa 25. Kata tundu kwenye kila ubavu wa boksi, dogo kuliko filta kwa sentimita 1 kila upande. Filta ina mshale wa mwendo wa hewa; uelekee ndani ya boksi. Ziba kingo zote kwa tepu pana. Juu kata duara la kutosha feni ya mezani ya inchi 16, uilaze ikitazama juu, mota ikiwa ndani ya boksi, waya utoke kwa kitundu kilichozibwa. Funga kile kitufe cha kuzungusha kichwa. Feni inavuta hewa kupitia filta na kuitoa safi kwa juu.

Watu wanaharibu mahali pawili. Kwanza wanatumia filta moja: feni ya mezani haina nguvu ya kuvuta, ukiibana haipitishi kitu na mota inachemka. Nne ndizo zinazoipa nafasi. Pili ni mivujo. Chukua kipande cha tishu upitishe kwenye kila kiungo. Mbele ya filta kitavutwa na kunata, kwenye kiungo kisitikisike. Mota iguse baada ya nusu saa, mkono ukishindwa kukaa, zima. Filta ikiwa nyeusi na upepo umepungua, ibadilishe, usiioshe wala kuipuliza. Feni kama hiyo inakula wati 50 hadi 60, usiku mzima ni kama nusu uniti.

Na kama siku moja mtaweka kiyoyozi cha ukutani, kile chandarua chake cha ndani ni cha vumbi tu, moshi kinauacha. Faida yake ni kwamba kinazungusha hewa ya ndani bila kuleta ya nje, kwa hiyo mnaweza kufunga bila kuungua na joto.

MuuguziPwani

Nianze na barakoa. Ile ya buluu ya hospitali na ya kitambaa zinavuja pembeni, kwa moshi ni kidogo sana. Tafuta N95, KN95 au FFP2. Ya N95 yenye mikanda miwili ya kichwani inabana vizuri kuliko ya masikioni. Kwa kina mama, vaa barakoa kwanza, mikanda juu ya nywele, kisha mtandio. Ukiifunga juu ya mtandio kitambaa kinaingia kwenye ukingo na hewa inapita hapo. Nikabu peke yake haichuji, lakini inaweza kuvaliwa juu ya barakoa. Kwa wanaume wenye ndevu ukingo haukai kwenye ngozi, hivyo faida inapungua sana; wao wategemee chumba zaidi. Bana waya wa puani kwa vidole viwili, funika barakoa kwa viganja na pumua nje kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni, irekebishe. Haifuliwi. Itundike kwenye bahasha ya karatasi, itumike tena mpaka ilegee, ichafuke au iwe nzito kupumulia. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivishwe, na za watu wazima hazimkai mtoto wa miaka sita, msije mkaitegemea kumpeleka nje usiku.

Mtoto wa pumu kazi yake inaanza Disemba. Mpelekeni kituoni kabla ya moshi. Kama daktari amempa pampu ya kukinga, ile ya kila siku, aitumie hata akiwa mzima. Hiyo inajenga kinga polepole kwa wiki kadhaa, ukiianza siku ya moshi umechelewa. Ya buluu, salbutamol, ndiyo ya kufungua kifua wakati wa shida. Wengi wanayo lakini dawa inaishia kooni kwa sababu mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja. Anahitaji chombo cha katikati (spacer), kinachokaa baina ya pampu na mdomo, na kama hakuna cha dukani, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi. Madaktari wa Afrika Kusini walishailinganisha na vya dukani ikaonekana inafaa.

Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo, iache ijikaushe yenyewe bila kuifuta ndani, maana kuifuta kunaleta umeme tuli na dawa inanata kwenye plastiki. Chora umbo la mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa. Pasha waya moto, toboa kwa kufuata mchoro, tundu liwe dogo kidogo ili pampu iingie kwa kubana, na kingo uzizungushie tepu. Mara ya kwanza bonyeza pampu mara tano hivi ndani ya chupa tupu. Kisha tikisa pampu, mtoto afumbe midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Subiri nusu dakika, tikisa, rudia. Kubonyeza mara mbili kwa pamoja ni kupoteza dawa, matone yanagongana na kushika ukutani mwa chupa.

Akishikwa: bonyeza pampu ya buluu mara nne, moja moja kwa namna hiyo. Baada ya dakika 20 kama hajafunguka, nne tena, na muwe tayari mko njiani kwenda hospitali. Msisubiri asubuhi mkiona mbavu zinazama kila anapovuta, hawezi kumaliza sentensi, midomo imebadilika rangi, au akiwa ametulia anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika. Kwa wadogo zake hesabu ni nyingine: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Hesabu dakika nzima, kwa saa, mtoto akiwa halii.

Bibi asikose dawa zake za presha, na siku za moshi mzito asifagie uwanja wala kukaa jikoni. Moshi unaingia mpaka kwenye mishipa. Kifua kubana, upande mmoja wa uso kulegea au maneno kuyumba ni hospitali papo hapo.

BwanaShambaMstaafu

Ndugu UpepoWaKusi, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kwenda. Siku ya moto hakuna anayesikiliza. Nendeni kwa sheha wakati wa kufyeka, panga likiwa bado mkononi, maana moshi wa Februari unaamuliwa na namna msitu ulivyofyekwa na kulazwa.

Mwenye konde la maweni anachoma kwa sababu za maana: miiba, magugu, nyoka, na hana kibarua wa kuondoa matawi. Asidharauliwe. Lakini lipo jambo moja mueleweshane. Watu husema majivu yanaponya ardhi. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu ni kweli, majivu yanapunguza ule uchachu. Uwandani chini ni jiwe la matumbawe, yaani chokaa tupu, udongo wake haukosi chokaa hata kidogo. Majivu pale yanaleta potasi na fosfati kidogo, na mvua kubwa za mwanzo zinayakokota mpaka mianyani. Naitrojeni nyingi iliyokuwa kwenye majani imeshakwenda na moshi. Na ule udongo mweusi wa mabaki ya majani, ambao ndio unaoshika maji kwenye vile vishimo vya baina ya mawe, unaungua nao. Ndiyo maana konde linazaa mwaka wa kwanza, wa pili linachoka.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni kuchoma kidogo, si kuchoma vizuri. Miti minene kuliko kifundo cha mkono itolewe iwe kuni. Majani na vijiti laini vibaki kama matandazo kuzunguka mashimo ya kupandia, unene wa sentimita 5 hadi 10, yakikaa mbali kidogo na shina ili mchwa wasihamie kwenye mche. Kwa tungule, pilipili na matikiti hayo matandazo ni maji. Miiba na magugu yenye mbegu ndiyo yakusanywe mabiwi na kuchomwa. Ukifanya hivyo unachoma sehemu ndogo tu ya kilichofyekwa.

Biwi lenyewe: likauke wiki tatu hadi nne za jua. Vunja kijiti, kikilia na kukatika, tayari. Kikipinda, bado kina maji, na moto unatumia nguvu zake kukausha badala ya kuwaka, huo ndio moshi mweupe mzito. Lisiwe na udongo ndani. Anayekokota takataka kwa jembe anachanganya udongo, biwi linafuka siku mbili bila kuwaka. Tumia uma au mikono. Liwe jembamba na refu kwenda juu kuliko kutandazwa. Mnyaa usiingie humo, utomvu wake ukiungua unachoma macho. Maganda ya korosho vivyo hivyo, na chupa za dawa za mimea na mipira ya kumwagilia ni marufuku kabisa.

Saa ya kuwasha ni saa 3 au 4 asubuhi, umande ukishakauka na upepo ukiwa mdogo ulionyooka. Moto uwe umekwisha alasiri. Wanaowasha jioni wanasema joto limepungua na moto hautoroki. Ni kweli hautoroki, ila moshi wote unalala kwa majirani. Upepo ukiwa mkali, ahirisha.

Kwa anayechoma konde zima, asafishe njia ya moto hadi jiwe lionekane: mita 2 au 3 pande zote, na 5 upande upepo unakokwenda. Aanze kuwasha upande huohuo upepo unakokwenda, yaani kusini-magharibi wakati wa kaskazi, ili moto urudi nyuma ukipingana na upepo. Unakwenda polepole, unaunguza mpaka chini, na moshi wake ni mdogo kuliko moto unaosukumwa, ambao unaruka juu ya majani na kuacha nusu yake ikifuka.

Sasa sehemu inayosahauliwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayowaumiza ninyi usiku. Mianya ya jiwe imejaa majani yaliyooza na mizizi. Moto wa juu ukizimika, chini unaendelea kula taratibu, siku tatu, siku nne, bila mwali. Njia ya kuupata ni kwenda konde alfajiri kabla upepo haujaamka. Utaona vijiuzi vya moshi vimesimama wima, kila kimoja juu ya tundu lake. Vitieni alama kwa jiwe jeupe. Jua likitoka vinapotea machoni, lakini bado vinawaka. Fukua kwa mtaimbo, mimina nusu ndoo ya maji iliyokorogwa na udongo, koroga, peleka mgongo wa mkono karibu. Ukihisi joto, rudia. Maji matupu yanateremka mwanyani bila kuzima kitu, ule udongo ndio unaoziba.

Kwa sheha ombeni mambo yaandikwe: zamu, ili makonde yasichomwe yote wiki moja, taarifa siku mbili kabla, ili wenye wagonjwa wajipange, na mwenye konde kuwajibika kukagua alfajiri mbili baada ya moto. Shehia zenye makubaliano ya kusimamia misitu ya jamii, yale ya Sheria ya Misitu namba 10 ya 1996, zina kamati ya uhifadhi, pitieni huko huko. Mkiwa karibu na msitu wa Jozani ndiyo zaidi, moto ukitoroka haurudi.

KarafuuWete

Nyongeza kutoka Pemba. Kwetu shida si makonde, ni mabiwi ya magugu chini ya mikarafuu kabla ya kuchuma. Mizizi inayolisha mkarafuu iko juu juu, joto la biwi linaiua na tawi la upande ule linakauka baadaye, mtu anadhani ni ugonjwa. Biwi liwe nje kabisa ya kivuli cha mti. Na karafuu zikiwa jamvini, hakikisheni hakuna moto upande upepo unakotoka, zinashika harufu ya moshi na haitoki tena kwa kuanikwa.

UpepoWaKusi

Shukran sana nyote, Allah awalipe. Bwana Shamba, hilo la alfajiri nitalipeleka kwa sheha kama lilivyo. Nina mawili yamebaki. Vile vipimo vidogo vya hewa vya kuagiza mtandaoni vinaaminika kwetu huku? Na tunakinga maji ya mvua kutoka bati hilo hilo linaloangukiwa na majivu, tufanyeje mvua za kwanza zikija?

FundiWaUbaridi

Kipimo kinaaminika nusu. Vinahesabu chembe kwa mwanga wa leza, na unyevu wa pwani usiku unavimbisha chembe za chumvi na za moshi, kwa hiyo namba inapanda kuliko ukweli. Usiitumie kama hukumu. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, lakini kwako faida ni kulinganisha: kiweke ukumbini dakika 20, kisha chumbani dakika 20 feni ikifanya kazi. Namba ya chumbani isiposhuka hata kufika nusu ya ile ya ukumbini, kuna mvujo juu ya dari. Kujua moto uko wapi, ramani ya moto ya NASA iitwayo FIRMS ni bure, ila setilaiti zinapita mara chache kwa siku na biwi dogo zinalikosa.

Maji: mvua ya kwanza ya masika usiiingize tangini. Milimita 1 ya mvua kwenye bati la mita za mraba 40 ni lita 40, yaani ndoo mbili za lita 20. Hizo ndizo zinazoosha majivu. Baada ya msimu wa moshi mimi ningemwaga mara mbili ya hapo. Ng'oa bomba la kuingia tangini, lielekeze nje, maji yakianza kutoka meupe lirudishe. Kabla ya hapo panda ufagie mfereji wa bati ukiwa mkavu, barakoa usoni, kwa sababu majivu yakilowana yanaganda humo na kuendelea kuchafua kila mvua. Koki ya kutolea iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, ili yaliyotua yabaki chini.